Kusimamia tiba ya fikra na tabia: anza kwa kusikia kilichosemwa chumbani

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya mkoani Dodoma. Nilipata mafunzo ya tiba ya fikra na tabia, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaona wagonjwa wa sonona na wasiwasi. Sasa mganga mfawidhi amenikabidhi vijana watano, wauguzi wawili, maofisa ustawi wa jamii wawili na tabibu mmoja, niwe msimamizi wao wa kitaalamu. Kutibu naweza. Lakini tukikaa, wananieleza wagonjwa wao, nawashauri cha kufanya, tunaagana, na sioni wakibadilika. Msimamizi wa tiba hii anatakiwa awe na ujuzi gani ambao mimi sina?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa jukumu hilo, na hongera zaidi kwa kugundua mapema kwamba kuna kitu hakiendi. Wapo wanaolikalia jukumu kama hilo miaka mingi bila kujiuliza.

Nusu ya jibu umeitoa mwenyewe: wanakueleza, unawashauri, mnaagana. Katika mpangilio huo hakuna mahali unapoisikia tiba ikifanyika. Unasikia habari za tiba. Na habari hizo, hata zikitolewa na mtu mkweli kabisa, huwa zimeshapoteza lile jambo uliloitwa kulisaidia, maana mshauri, yaani kijana wako anayemtibu mgonjwa, akikwama mara nyingi haoni kwamba amekwama. Angeona, angejinasua. Watafiti waliolinganisha alama ambazo washauri hujipa na alama zinazotolewa na wasikilizaji wa nje wamekuta mara nyingi haziendani. Kwa hiyo ujuzi ninaouweka mbele ya mwingine wote ni kuifikia kazi yenyewe, yaani maneno yaliyotamkwa chumbani na jinsi mgonjwa alivyoyapokea, kisha kumfanyisha mshauri mazoezi juu ya maneno hayo hayo.

Mazoea ya kukaa na kusimuliana yana chanzo chake. Sisi tuliokulia kwenye mfumo wa afya tumezoea usimamizi wa sura moja: gari la timu ya mkoa au ya wilaya linaingia, orodha ya ukaguzi inatolewa, rejesta zinafunguliwa, dawa zinahesabiwa stoo, maoni yanaandikwa kitabuni, gari linaondoka. Usimamizi shirikishi wa namna hiyo unahitajika na siubezi hata kidogo. Lakini rejesta itakuonyesha kwamba mgonjwa alikuja mara sita. Haiwezi kukuonyesha kwamba katika mara hizo sita hakuulizwa hata mara moja anawaza nini anaposhindwa kuamka asubuhi.

Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Bennett-Levy alipendekeza tuutazame ujuzi wa mshauri kwa sehemu tatu: anachokijua kwa maelezo, anachoweza kukitenda, na uwezo wake wa kujitazama baada ya kutenda. Ushauri unaowapa vijana wako unaangukia kwenye sehemu ya kwanza, nayo tayari imejaa. Uwape mtihani wa kuandika kesho, watakueleza vizuri kabisa fikra zinavyozaa hisia na hisia zinavyovuta matendo. Wanachokosa ni kulitenda hilo mbele ya mtu anayelia, na hapo maelezo hayasaidii hata yakirudiwa kila wiki.

Sasa utaifikiaje kazi yenyewe? Njia bora ni kurekodi sauti. Wengi huipinga kwa kusema wagonjwa wetu hawatakubali. Nilivyoona mimi, mgonjwa akielezwa kwa lugha anayoielewa kwamba sauti itasikilizwa na msimamizi ili ahudumiwe vizuri zaidi, kisha itafutwa, wengi hukubali. Anayeogopa zaidi huwa ni mshauri. Ridhaa iombwe bila haraka, iandikwe kwenye faili, na mgonjwa ajue kwamba akikataa tiba yake haipungui kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, kwa hiyo tumieni kifaa cha hospitali chenye neno la siri, sauti zifutwe baada ya kusikilizwa, na jambo la mgonjwa lisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp hata kama jina limefichwa. Wilaya ni ndogo. Ukisema "mama wa watoto watano aliyeachwa na mume, anauza karanga stendi", umeshamtaja.

Mgonjwa akikataa kurekodiwa, omba ruhusa ukae pembeni kimya kwa sehemu ya kikao. Na mazungumzo yakiwa ya Kigogo nawe hukijui vizuri, usijifanye unafuata. Mwache mshauri akutafsirie neno kwa neno alichosema mgonjwa na alichojibu yeye. Ni kazi ya polepole, lakini wapo wanaoligundua kosa lao wakiwa katikati ya kutafsiri, kabla hujauliza lolote.

Usisikilize saa nzima. Mwambie mshauri alete dakika kumi, azichague mwenyewe, pamoja na swali moja analotaka lijibiwe. Ili msizungumzie hisia tu za "kilienda vizuri" au "kilienda vibaya", tumieni kipimo cha umahiri. Kimoja kinachotumika sana ni kile kilichoboreshwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2001: kina vipengele 12, kila kimoja kinapewa alama kuanzia 0 hadi 6. Kinaangalia mambo kama ajenda, kupeana mrejesho, kushirikiana na mgonjwa, kumwongoza agundue mwenyewe, na kazi ya kufanya nyumbani. Mshauri ajipe alama kwanza, kisha wewe, halafu mzungumzie pale mlipotofautiana. Chagueni kipengele kimoja au viwili kwa kikao. Ukimrudishia kijana makosa ya vipengele vyote 12 kwa mara moja, atatoka amevunjika moyo na wiki ijayo ataleta rekodi yenye "hitilafu".

Nikuonyeshe inavyokuwa. Mfano huu nimeutunga kutokana na mengi ninayoyasikia, hamtajwi mtu yeyote. Mama kutoka Chamwino, kibarua kwenye mashamba ya zabibu, ana sonona. Kwenye sauti unamsikia akisema, "Mimi nina mkosi. Kila ninachogusa kinaharibika." Mshauri, kijana mwema mwenye huruma ya kweli, anadakia, "Usiseme hivyo mama, Mungu anakupenda, tena una watoto wazuri." Kimya kidogo. Mama anasema, "Asante." Wanahamia kwenye dawa.

Kama ungeletewa habari, ungeambiwa: "Nilimfariji, akapokea vizuri." Nawe ungemsifu.

Simamisha sauti baada ya ile "asante". Usimwambie bado kilichokosekana. Muulize, "Kabla hujasema 'usiseme hivyo', ndani yako kulikuwa na nini?" Mara nyingi utajibiwa kitu kama, "Niliogopa atalia." Uliza tena, "Na angelia?" Atasema, "Ningekuwa nimemwongezea maumivu." Hapo ndipo penye kazi. Kijana hajasahau alichofundishwa. Ana imani kwamba machozi ya mgonjwa ni ushahidi kwamba mshauri ameharibu, na imani hiyo inamfanya azibe mdomo wa mtu aliyekuja kusema. Ndiyo maana washauri wetu wengi hukwepa zile sehemu ngumu za tiba, hasa kumsindikiza mgonjwa akikabili hatua kwa hatua kile anachokiogopa. Wanadhani wanamhurumia mgonjwa, kumbe wanaikimbia hofu yao wenyewe. Msimamizi anayejua tiba hii anaishughulikia imani hiyo kwa zana zile zile: ni ushahidi gani unaounga mkono, upi unapinga, na tunaweza kuijaribu vipi wiki hii?

Halafu fanyeni igizo dhima. Usiseme "wakati mwingine muulize zaidi". Inuka kwenye kiti. Kwanza mshauri awe yule mama, wewe uwe mshauri, ili aone na kusikia. "Mama, hilo wazo la mkosi, mara ya mwisho lilikushika kwa nguvu lini?" Atajibu akiwa mama, "Juzi, mbuzi alipokufa." "Lilipokushika, mwilini ulijisikiaje?" "Nguvu ziliniishia." "Ukafanya nini?" "Nililala. Siku mbili sikwenda shambani." "Na ulipokaa siku mbili bila kwenda, lile wazo lilipungua au liliongezeka?" Kwa maswali manne ambayo hayabishani na mtu yeyote, wazo, mwili na tendo vimeonekana vimeshikana, na mama mwenyewe ndiye aliyeviweka mezani. Sasa badilishaneni. Mshauri aulize kwa maneno yake, akikwama arudie sentensi ile ile, tena, mpaka imkae mdomoni. Dakika tano za zoezi hili nazithamini kuliko nusu saa ya ushauri mzuri.

Malizeni kwa kuandika atakachojaribu na mgonjwa gani, na kikao kijacho kianze kwa kusikiliza kama kilijaribiwa. Usimamizi wa tiba hii una umbo la tiba yenyewe: mnaweka ajenda pamoja, mnaangalia kazi ya wiki iliyopita, mnaingia kwenye jambo kuu, mnapeana mrejesho, mnakubaliana kazi mpya. Kijana anayesimamiwa hivyo anajifunza mpangilio wa kikao kwa kuupitia kila wiki.

Kuna mpaka hapo lazima uulinde. Umeuliza kuhusu hofu yake ya machozi kwa sababu inagusa mgonjwa. Akianza kukueleza utoto wake, msikilize kwa utu, mpe pole, kisha mtafutie mtu mwingine wa kumsaidia kwa hilo. Huwezi kuwa mshauri wake nasaha na papo hapo uwe unampa alama za kazi. Vijana watano wanaofanya kazi chini yako hawataleta tena rekodi mbaya wakijua kila udhaifu unageuzwa kuwa tiba yao.

Swali gumu kwa wasimamizi wapya ni lini uulize na lini useme. Tumefundishwa kumwongoza mtu agundue mwenyewe, basi wengine huulizia kila kitu hadi kikao kinafanana na mahojiano ya polisi. Kama kijana hajui namna ya kufafanua alama za sonona kwenye dodoso, mwambie tu, hakuna cha kugundua. Kama anajua lakini hatendi, uliza. Kama hajawahi kuona jambo likitendwa, onyesha. Na kama mgonjwa yuko hatarini, toa maelekezo ya moja kwa moja na hakikisha yametekelezwa.

Hatari ya kujiua ianze kila kikao, kabla ya ajenda nyingine. "Wiki hii kuna mgonjwa aliyekutia hofu?" Kwenye dodoso lile la maswali tisa la sonona, wafundishe kulitazama swali la tisa kabla ya kujumlisha alama, na waige mbele yako jinsi ya kuuliza kwa sauti tulivu na kwa maneno yaliyo wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Wengi hulizungusha swali hili mpaka linapotea. Kumbuka pia kwamba Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na wagonjwa wanajua, kwa hiyo huficha. Vijana wako wawe na namba yako na ya mtu wa pili usipopatikana, wajue nani anabaki na mgonjwa huku rufaa ikiandaliwa, na wajue njia ya kufika Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Bahati ya mkoa wetu ni kwamba Mirembe iko hapa hapa Dodoma. Nimeona mikoa mingine safari kama hiyo inachukua siku nzima barabarani.

Sasa heshima, jambo ambalo mafunzo yaliyoandikwa nje huligusa juu juu. Kijana wako atasema "ndiyo" kwa kila utakachosema. Ukimuuliza mwisho wa kikao kama kuna kitu hakikumsaidia, atakujibu vyote vilikuwa vizuri, na atakuwa amekujibu kwa adabu. Usikasirike wala usimlazimishe awe mtu mwingine. Badili swali: "Kikao hiki tukikirudia wiki ijayo, nipunguze nini, niongeze nini?" Hilo linajibika bila kukosa adabu. Karatasi zisizo na majina, zikusanywe na mmoja wao, nazo husaidia. Kilicho bora zaidi ni wewe kuanza: kikao cha kwanza cha kundi, cheza dakika kumi za sauti yako mwenyewe na mgonjwa wako, uwape kile kipimo, wakupe alama. Chagua sehemu ambayo hukufanya vizuri. Baada ya hapo rekodi zitaletwa.

Mrejesho wako kwao uwe na maneno yaliyosikika. "Ulikuwa na huruma" haumfundishi mtu kitu. "Mama aliposema amechoka, ulinyamaza, ukasubiri, naye akaendelea kusema habari za mwanawe" unamwambia arudie nini kesho. Na mrejesho mgumu usiufunike kwa sifa nyingi mpaka usionekane. Wewe pia ni mlinzi wa mgonjwa. Ikiwa mmoja wao hayuko tayari kuona wagonjwa wenye majeraha makubwa ya kihisia, mwambie mapema, faragha, ukimweleza anachopaswa kuonyesha ili awe tayari.

Juu ya mkosi, uchawi na waganga wa kienyeji, vijana waliosoma hupenda kubishana. Watoe huko. Mshauri wa tiba hii hana haja ya kuamua kama uchawi upo. Anauliza imani hiyo inamfanya mgonjwa atende nini, na kutenda hivyo kunamsaidia au kunamkandamiza. Yule mama anaweza kuendelea kuamini mkosi na bado akajaribu kwenda shambani siku ambazo wazo limemjia, aone jioni inakuwaje. Msimamizi ndiye anayewapa vijana ruhusa ya kufanya kazi hivyo, kwa sababu wengi hudhani kwamba wasipoikosoa imani wamesaliti taaluma.

Vivyo hivyo kwa kazi za nyumbani. Fomu ya kuandika fikra haimfai asiyesoma. Mwulize mshauri amepanga nini badala yake: punje za mahindi kwenye kopo kila wazo linapokuja, au mtoto wa darasa la sita aweke alama kwenye kalenda mama anapotoka nje. Zaidi ya hapo, panga na msimu. Mvua zikianza, kuanzia Desemba hivi, wagonjwa wa vijijini wako shambani na hawatakuja kila wiki. Msiwaandike "watoro". Pangeni mapema vikao vilivyoachana zaidi na kazi za nyumbani zinazofanyika kondeni.

Kwa watano, kikao cha kundi cha saa mbili kila wiki au kila baada ya wiki mbili kinatosha kuanzia, wawili wakileta sauti kila mara kwa zamu, na kila mmoja apate muda wake peke yake angalau mara moja kwa mwezi. Katika kundi wape wasikilizaji kazi: mmoja ahesabu maswali na maelezo, mwingine aandike kila mahali mgonjwa aliponyamaza. Asiye na kazi husinzia.

Nawe nani anakusimamia? Kuna utafiti uliofanyika hapa kwetu Moshi, na pia Bungoma nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2020, kuhusu tiba ya fikra na tabia kwa watoto waliofiwa na wazazi. Waliotoa tiba hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa, wakasimamiwa na wasimamizi wa huku huku, na wasimamizi hao nao walikuwa na wataalamu wa kuwasimamia. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi ninachokiangalia pale ni ule mnyororo: hakuna aliyeachwa peke yake. Tafuta mtu, Mirembe au Chuo Kikuu cha Dodoma au hata msimamizi mwenzako wa wilaya nyingine, mzungumze kila mwezi. Na kwa ridhaa ya vijana wako, rekodi kikao chako cha usimamizi. Kisikilize ukiwa na saa mkononi, uhesabu dakika ulizosema wewe na dakika walizofanya mazoezi wao.

Kabla ya yote hayo nenda kwa mganga mfawidhi. Mwombe saa hizo mbili ziandikwe kwenye rosta kama zamu nyingine yoyote, mlango ufungwe na asiitwe mtu wodini isipokuwa kwa dharura. Mpelekee karatasi ya ukurasa mmoja: mtakutana lini, sauti zitatunzwa na kufutwa vipi, mgonjwa wa hatari atashughulikiwa na nani, na baada ya miezi sita utamletea taarifa gani. Asaini yeye, usaini wewe, kila kijana abaki na nakala.